Uzamivu: Mtafute Msimamizi Kabla ya Chuo

Katika miji yetu wako walimu wa vyuo, waganga, wahandisi na maofisa wa serikali ambao, baada ya kupata shahada ya uzamili na kufanya kazi miaka kadhaa, hushikwa na hamu ya kusoma hadi shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa. Hamu hiyo ni njema na taifa linaihitaji. Lakini wengi huianza safari kwa kuuliza, "Chuo gani kinapokea watu?" Swali hilo lina mahali pake, ila si la kwanza.

Shahada ya uzamivu si darasa jingine juu ya madarasa uliyokwisha kupita. Ni kazi ya kutafuta jambo ambalo hakuna aliyewahi kulieleza, na kulithibitisha mbele ya mabingwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwa na swali la utafiti. Ofisa wa maji anayesema, "Nataka kusomea maji," bado hana swali. Anayeuliza ni kwa kiasi gani uvutaji wa maji visimani unachangia chumvi katika visima vya mwambao wa Dar es Salaam, huyo amekwisha anza. Swali la namna hii mara nyingi hutoka kazini kwako, mahali unapoona tatizo kila siku.

Jambo la pili ni msimamizi. Neno uzamivu latokana na kuzama, na mzamiaji mwenye akili humjua kwanza anayeishika kamba juu ya maji. Soma maandishi ya mabingwa wanaoshughulikia swali lako, kisha mwandikie mmoja mmoja barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, swali lako ni lipi, umesoma nini katika kazi zake, na kwa nini unamtaka yeye. Ambatisha muhtasari wa andiko lako la utafiti pamoja na maelezo ya elimu na kazi zako. Usitawanye barua moja kwa maprofesa arobaini. Mwenye uzoefu huitambua barua ya namna hiyo kwa mstari wa kwanza. Asipojibu kwa majuma matatu, mkumbushe mara moja tu, kisha endelea na mwingine.

Akikubali mazungumzo, nawe muulize. Anasimamia wanafunzi wangapi? Wangapi wamekwisha maliza, na kwa miaka mingapi? Je, anakaribia kustaafu? Watafute pia wanafunzi wake wa zamani uwaulize faraghani. Kuuliza si ujinga. Msimamizi asiyesoma sura unazompelekea aweza kukupotezea miaka ambayo hakuna chuo kitakachokurudishia.

Sasa ndipo lije suala la chuo na nchi, kwa maana taratibu hutofautiana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko njia ya tasnifu pekee, na iko njia ya masomo ya darasani pamoja na tasnifu. Uingereza mwanafunzi huingia katika utafiti mapema, na kazi huchukua kwa kawaida miaka mitatu au minne. Marekani huanza na masomo na mitihani, na jumla yaweza kufika miaka mitano au zaidi. Sweden wengi wa wanafunzi wa uzamivu huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara, hivyo nafasi zao hutangazwa kama kazi. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo ya uzamivu, lakini chakula na pango ni juu yako usipokuwa na mfadhili. Shirika la DAAD la nchi hiyo limekuwa pia likiwafadhili Waafrika wanaosoma katika vyuo vya Afrika yenyewe.

Ukienda nje, uliza mapema katika Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa hapa nyumbani. Mtu anayekuahidi udaktari kwa miezi michache, bila utafiti na kwa malipo ya mkupuo, anakuuzia karatasi.

Tumefika kwenye jambo ambalo waombaji wengi hulisahau. Shahada hii husomwa na mtu mmoja, lakini hulipwa na nyumba nzima. Kabla ya kutia saini, kaeni mume na mke mkiwa na kalamu na karatasi. Andikeni karo, gharama za utafiti, nauli na bima ya afya. Halafu andikeni pango, ada za watoto na matumizi ya wazee kijijini. Ufadhili aghalabu humtazama mwanafunzi peke yake. Muulizeni mwajiri, na majibu yawe kwa maandishi: ruhusa ya masomo ni ya miaka mingapi, mshahara utaendelea au utasimama, na mkataba wa kurudi kazini unadai nini? Amueni pia nani atabaki na watoto, na mtaonana mara ngapi kwa mwaka.

Hesabu ikikataa mwaka huu, si aibu kungoja. Mwaka mmoja wa kulinoa swali, kumpata msimamizi wa kweli na kuweka akiba ni afadhali kuliko miaka minne ya kusoma huku nyumba ikiyumba. Usione vyaelea, vimeundwa. Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo andika swali lako kwa sentensi moja, umsomee mwenzi wako. Asipolielewa, liandike tena kabla hujamwandikia profesa yeyote.