WAKUBWA, HIYO MNAYOZIMA NI MAKTABA!

Vigogo wetu wakisikia neno WhatsApp, akili yao hukimbilia kwenye umbeya, matusi na maandamano. Waende siku moja chuo chochote cha umma, wakae na vijana chini ya mti saa kumi jioni, waone zile simu zinafanya kazi gani.

Mhadhiri akimaliza tu kipindi, mwakilishi wa darasa anatupia madesa kwenye kundi. Kitabu chenyewe dukani hakishikiki kwa bei, na maktabani nakala ni chache, zinagombewa na darasa zima. Basi mmoja aliyeunga kifurushi anapakua, wenzake wasio na bando wanarushiwa kwa Bluetooth. Usiku, aliyeelewa hesabu anarekodi sauti ya dakika tatu kumweleza aliyekwama. Bumu limechelewa, steshenari hawakopeshi, lakini masomo yanakwenda. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya corona hadi Juni 1, wengi darasa lao lilibaki humo humo kwenye simu.

Sisemi kila kitu ni safi. Wapo wanaodesa tu: kazi ya mmoja inabadilishwa jina, inakuwa ya watu ishirini, halafu sapu zikija analaumiwa mhadhiri. Hao wangedesa hata bila simu. Baba zao walidesa kwa kabonipepa!

Sasa tazama upande wa pili. Uchaguzi wa Oktoba 2020, WhatsApp na Twitter zikabanwa. Oktoba 2023 TCRA ikatangaza kwamba anayetumia VPN ajisajili, la sivyo faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12. Mei 2025 akaunti ya Polisi kwenye X ikavamiwa, X ikazimwa, na waziri akaja kutueleza habari za picha za ngono. Oktoba 29, 2025, siku ya kura, intaneti ya nchi nzima ikakatwa hadi mwanzoni mwa Novemba.

Mtoto wa kigogo anayesoma ng'ambo hakukosa hata ukurasa mmoja. Aliyeumia ni yule wa diploma ya uuguzi aliyepanga chumba Buguruni, ambaye madesa yake yote yako kwenye kundi. Na sisi tulioishia sekondari tumo, maana madesa yanavuka geti la chuo. Mafundi umeme wangapi wa mitaani wanajifunza kufunga sola kwa video za YouTube na maelezo wanayorushiwa na rafiki aliyeko VETA?

Kwa hiyo uwezo wa kuzima usiachwe juu ya meza ya waziri na TCRA. Anayetaka kuzima aende kwanza mahakamani, aseme hadharani anazima nini, kwa siku ngapi, na kwa kosa la nani.