Wabongo wa ughaibuni, mbu haangalii pasipoti

Kila Desemba nawasikia wale wale. Mtu kakaa London miaka saba, anatua Dar, ukimuuliza kama anakunywa vidonge vya kuzuia malaria anakucheka: "Mimi mzaliwa wa hapa bwana, hizo dawa za wazungu!"

Huo si uzalendo, ni ubishi. Kinga uliyoipata kwa kuumwa na mbu wa Temeke tangu utotoni haikuwa kamili hata siku ile unaondoka, na ukikaa miaka bila kuambukizwa inapungua. Mtoto wako aliyezaliwa huko ndiyo kabisa, hana. Matokeo yake, wadau, wagonjwa wengi wa malaria wanaogundulika Uingereza si watalii waliokwenda Serengeti. Ni watu wenye asili ya Afrika waliotoka kusalimia ndugu.

Utaniambia hela. Sawa, tiketi za familia nzima si mchezo. Lakini begi limejaa simu na viatu vya mabinamu, halafu vidonge ndiyo anasa? Doksisaiklini ni ya bei nafuu kwa mtu mzima: unaanza siku moja au mbili kabla ya safari, unameza kila siku, unaendelea wiki nne baada ya kurudi. Watoto na wajawazito wana dawa zao, muulize daktari. Na kulala ndani ya chandarua si ushamba.

Ukirudi ukapata homa, hata kama miezi imepita, usimeze panadol ukaenda kubeba boksi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, sema ulikuwa Tanzania. Daktari wa kule asipoambiwa anaweza kudhani ni mafua. Malaria haisubiri.