ACHIMBAYE AMKUMBUKE JIRANI

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, likawafukia wafanya biashara na wateja wao. Zaidi ya watu 20 walikufa, na zaidi ya 80 wakaokolewa. Twakumbuka jinsi waokoaji walivyopenyeza maji na hewa kwa ndugu zetu walionaswa katika vyumba vya chini ya ardhi. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, na ilifanya vyema.

Lakini jambo hili lawahusu pia wakaaji wa Kibaha na Kisarawe. Dar es Salaam imejaa, na watu wanamiminika katika miji hii ya Mkoa wa Pwani kutafuta viwanja. Palipokuwa na mikorosho leo pana kuta. Kisarawe iko juu ya vilima vya Pugu, na ajengaye penye mteremko hushawishika kuukata udongo ili apate ghala au chumba cha chini. Kibaha nako huchimbwa makaro na matangi ya maji. Nyumba zenye vyumba vya chini ya ardhi bado ni chache. Basi huu ndio wakati wa kuzisimamia, kabla hazijawa nyingi.

Wapo wasemao, "Kiwanja ni changu, nitachimba nipendavyo." Twawajibu kwamba wamekosea. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati anayo haki ya kuitumia, si haki ya kumwangusha mwenzake. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yahesabu kuwa uendelezaji ujenzi ulio juu ya ardhi na ulio chini yake pia. Kibali ni lazima kwa shimo kama kilivyo kwa ghorofa.

Sababu yake ni wazi. Msingi wa nyumba hukaa juu ya udongo, nao udongo hushikiliwa na udongo ulio kando yake. Ukiondolewa huo wa kando bila kuwekewa ukuta wa kuuzuia, ule wa chini ya msingi husogea. Masika yakifika, maji huingia shimoni, kingo zikalegea, nao ufa ukatokea katika nyumba ya mtu ambaye hakushika jembe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twauliza, ukuta wa jirani utajengwa na nani?

Hata London, penye matajiri wachimbao makumbi chini ya nyumba zao, uhuru huo umewekewa mipaka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1996 yamtaka achimbaye karibu na nyumba ya mwenzake, kwa kina kinachopita msingi wake, ampe taarifa mapema. Mwaka 2015 Halmashauri ya Kensington na Chelsea iliamua kwamba kwa kawaida chumba cha chini kisizidi ghorofa moja.

Hatutaki kibali kiwe mzigo wa kumchelewesha mnyonge anayejenga vyumba viwili. Karo la kawaida lisitozwe gharama za jumba. Lakini kwa shimo refu lililo karibu na nyumba ya mtu, twaziomba halmashauri zetu zidai mambo manne: udongo upimwe, mhandisi aliyesajiliwa achore na kusimamia, jirani apewe taarifa kwa maandishi, na hali ya nyumba yake iandikwe kabla ya jembe la kwanza, na mkaguzi afike shimoni, asikague karatasi ofisini.

Na kwako, ndugu mfanyakazi, uliye ndani ya shimo hilo kwa ujira wa kutwa: wewe ndiwe wa kwanza kufukiwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri akulinde. Kingo zisipozuiwa, usishuke; mweleze msimamizi, na mwenyekiti wa mtaa ajulishwe. Ujira wa siku moja hupatikana tena, lakini uhai haupatikani.

Kibaha na Kisarawe zina bahati ya kujifunza kwa msiba uliotokea kwingine. Zisingoje wa kwao.