MASHAURI YA NYUMBANI: Sanduku la Msafiri wa Ndege



Mwezi huu tumepata barua ya mwalimu mmoja wa bara. Mkewe amepata tikiti ya kwenda Ujerumani kumtazama binti yao aliyejifungua mtoto wa kwanza. Mama huyu hajapanda ndege tangu kuzaliwa, tena ana ugonjwa wa sukari na hutumia dawa kila siku. Tangu habari ilipoenea katika usharika, watu huja na vifurushi asubuhi na jioni. Mmoja ameleta samli kwa ajili ya mwanawe, wa pili nyama iliyokaushwa, wa tatu maembe, na wa nne bahasha nene iliyofungwa kwa gundi. Mwalimu auliza: “Tufanyeje ili mama asafiri salama, wala tusiwavunje moyo ndugu zetu?”

Swali hili ni jema, na jibu lake litawafaa wengi, maana siku hizi wana wetu wametawanyika katika nchi nyingi, na wazazi huitwa kuwatembelea.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekutwika hausikii uzito wake. Lakini eropleni husikia kila kilo, na mwenye kampuni huihesabu kwa fedha. Kumbukeni habari ya Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Tufani ilipozidi, mabaharia walitupa shehena baharini, kisha vyombo vya merikebu, na mwisho hata ngano. Ni afadhali kupunguza mzigo nyumbani kwa utulivu kuliko kuumwaga sakafuni kiwanjani, watu wakitazama.

Basi, mashauri yetu ni haya.

Kwanza, jueni kipimo. Someni tikiti yenyewe, kwa kuwa kampuni hazifanani. Mara nyingi sanduku la kuwekwa tumboni mwa ndege huruhusiwa kilo 23, na mfuko wa mkononi kilo 7 hata 10. Sanduku moja likizidi kilo 32 kwa kawaida halipokelewi kabisa, ili migongo ya wapakizi isiumie. Ikiwa nyumbani hamna mizani, nendeni zahanati mkaombe ruhusa. Mtu apande juu ya mizani akiwa amebeba sanduku, kisha apande peke yake. Akisoma 81, halafu 60, sanduku lina kilo 21.

Mkiisha kupima, gawanyeni. Tuseme sanduku tupu lina kilo 4, nguo na viatu vya mama kilo 9, na zawadi za mjukuu kilo 5. Jumla ni 18, zimebaki 5. Wekeni 2 ziwe akiba, maana mizani ya kiwanjani yaweza kutofautiana na yenu. Zile 3 ndizo za majirani wote pamoja.

Pili, tengeni vitu visivyopasa kuachana na mwenyewe. Sanduku kubwa laweza kuchelewa siku moja au mbili, na mgonjwa wa sukari hawezi kungoja. Kwa hiyo dawa zote za mama ziwe katika mfuko wa mkononi, ndani ya paketi zake zenye majina, pamoja na barua ya daktari. Kama hutumia insulini, jambo hili lina nguvu zaidi, kwa sababu insulini ikiganda kwa baridi huharibika. Katika mfuko huo tieni pia pasipoti, tikiti, miwani, fedha, nguo za kubadili mara moja, na karatasi iliyoandikwa anwani na simu ya binti. Nakala ya pasipoti iwe katika sanduku kubwa. Betri ya akiba ya kuchajia simu nayo ichukuliwe mkononi. Betri za namna hii zaweza kushika moto. Zikiwaka mbele ya watumishi wa ndege huzimwa upesi, lakini tumboni mwa ndege hakuna wa kuziona.

Tatu, angalieni vilivyokatazwa mkononi. Visu, mikasi mikubwa na nyembe viende katika sanduku kubwa. Tangu mwaka 2006, serikali ya Uingereza ilipogundua njama ya kulipua ndege kwa vitu vya majimaji, viwanja vingi vimeweka sheria kwamba mafuta, manukato na vinywaji vya mkononi viwe katika chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, na zote zienee katika mfuko mmoja mwangavu wa lita moja. Chupa ya mililita 200 iliyobaki robo hukataliwa vilevile, maana wao hutazama ukubwa wa chupa. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto mchanga huruhusiwa zaidi ya hapo, ila msafiri azitaje mwenyewe mbele ya wakaguzi. Viwanja vingine vimelegeza sheria hii kwa kuwa vina mashine mpya, lakini anayepita viwanja viwili au vitatu na aifuate ile iliyo kali.

Nne, fungeni kwa utaratibu. Viatu na vitu vizito viwe upande wa magurudumu, na soksi zitiwe ndani ya viatu. Nguo laini zikunjwe kwa kuviringishwa. Hazitajikunja sana, tena hushika nafasi ndogo. Kanga mbili ni hazina kwa msafiri, kwani huwa taulo, shuka na shali. Kabuti zito na avae mwenyewe. Chupa ya mafuta isijazwe hata juu, kwa sababu hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ile ya mlima wa futi 6,000 hata 8,000, na kilichomo hutafuta njia ya kutoka. Andikeni jina na simu nje ya sanduku na ndani pia. Na mama akirudi asifunge vitu katika mifuko ya plastiki ya kubebea, maana Tanzania imeikataza tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Agosti 2017.

Tano, habari ya vifurushi. Hapa ndipo penye hatari. Samli na nyama haziruhusiwi kuingizwa na msafiri katika nchi za Umoja wa Ulaya akitoka kwetu. Forodha watazitupa, na huenda wakamtoza faini. Maembe nayo hutakiwa cheti cha afya ya mimea. Basi warudishieni wenyewe kwa maneno ya upole, mkiwaambia ya kwamba ni sheria ya nchi ile.

Lakini ile bahasha iliyofungwa ni jambo zito kuliko yote. Mama aweza kuulizwa kiwanjani: “Sanduku hili umelifunga wewe mwenyewe? Wajua vyote vilivyomo?” Mkristo hana ruhusa ya kusema uongo. Wako watu waliochukua kifurushi cha rafiki kwa moyo mweupe, kumbe ndani mna dawa za kulevya, wakafungwa gerezani miaka mingi katika nchi ya ugeni. Sheria humkamata mwenye sanduku. Kwa hiyo mwambieni jirani hivi: “Ndugu yetu, twakupenda, na salamu zako tutazifikisha. Ila kila kinachoingia katika sanduku la mama hufunguliwa mbele yetu sote.” Mwenye nia njema atafungua mara moja. Akikataa, mrudishieni kitu chake bila ugomvi, wala msione haya. Kumkatalia jirani si kukosa upendo, ikiwa kukubali kwamtia mama wa watu hatarini.

Mwisho, kile kipande cha karatasi apewacho mama akikabidhi sanduku akitunze sana. Sanduku lisipoonekana, au likivunjika, atoe habari kabla ya kutoka kiwanjani, akapewe hati. Kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1999, dai la sanduku lililoharibika huandikwa katika siku 7, na la lililochelewa katika siku 21 tangu kulipokea.

Paulo alipokuwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume mkubwa namna ile, na haja zake zilikuwa chache hivyo! Mwalimu, keti na mkeo jioni moja, tandikeni mkeka, mweke juu yake yote mliyokusudia, kisha mwondoe moja moja mpaka mizani iridhike. Naye Mungu amfikishe mama salama, ampakate mjukuu wake.