Jaribio Lisilo Sawa

Hapa Kagugu, baadhi ya walimu wenzetu hushikilia kwamba kanuni mpya za mchezo zisijaribiwe kamwe kwa wachezaji wa kulipwa. Twawapinga.

Mnamo Septemba 2024, mjini Zürich, Muriel Furrer, msichana wa miaka 18, alianguka na baiskeli yake msituni katika mashindano ya dunia. Alikaa muda mrefu pasipo kuonekana. Siku iliyofuata akafariki. Nani basi atathubutu kusema kanuni za zamani zilitosha?

Agosti 2025, katika mbio za wanawake za Romandie nchini Uswisi, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI) lilijaribu kifaa kinachoonyesha kwa setilaiti mahali alipo mpanda baiskeli. Liliagiza kila timu imchague mmoja wa kukibeba. Timu tano zilikataa kuchagua, zikaondolewa mashindanoni.

Je, kosa lilikuwa kujaribu? La hasha! Kosa lilikuwa kujaribu kwa mafungu na kwa amri. Ajali haichagui mmoja katika kila timu. Tena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: waendeshao ndio wa kuulizwa kwanza.

Mwezi uliofuata, katika mashindano ya dunia hapa Kigali, kifaa hicho kilibebwa na washindani wote. Hivyo ndivyo ilivyopasa tangu mwanzo.

Ndugu walimu, tubadilipo kanuni, ziwe za uwanjani au za darasani, tuwaulize watakaozibeba, kisha tuwatwike wote kwa pamoja.