UDPS: nani atawateua wajumbe wa Likasi?

Tarehe 11 Agosti 2024, kundi la viongozi wa UDPS, chama cha Rais Félix Tshisekedi, lilitangaza kumwondoa Augustin Kabuya na kumweka Déogratias Bizibu kuwa katibu mkuu wa muda. Kabuya alikataa kuondoka.

Ugomvi huo una mizizi katika sheria. Kifungu cha 96 cha katiba kinamkataza rais wa nchi kushika madaraka ndani ya chama. Tangu Tshisekedi aapishwe Januari 2019, chama kimeongozwa kwa muda: kwanza na Jean-Marc Kabund, aliyeondolewa mwaka 2022, kisha Kabuya. Tshisekedi alichaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu wa Machi 2018; kiongozi wa muda hana kura kama hizo za kumkinga.

Athari zinaweza kufika hadi Buluo. Kambi mbili zikiwapo Kinshasa, kila moja inaweza kutambua viongozi wake huku chini, na mkutano mkuu ukiitishwa, orodha za wajumbe zinaweza kuwa mbili.

Likasi inajua uzito wa jina hilo. Mwaka 1992, Étienne Tshisekedi alipochaguliwa waziri mkuu, wakazi wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa mjini humu kwa kuhesabiwa watu wake. Waliobaki na chama wanastahili kwanza daftari la wanachama linalokubaliwa na kambi zote. Pasipo daftari hilo, mwenye mhuri ndiye atakayechagua wajumbe, na mwenye kadi atabaki mtazamaji.