Andika kilichomo kwenye unga wa lishe: ngano haiumizi tumbo peke yake

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa soko la Wasso, leo tugombane kidogo kuhusu unga wa lishe.

Mfuko wako wa kilo moja umeandikwa "Unga wa Lishe" na namba ya simu, basi. Ndani kuna mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano. Mteja akiuliza, unamjibu, "Ni vitu vya asili tu." Hilo si jibu. Ngano nayo ni ya asili, na wapo watu inaowaumiza vibaya.

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni, ile inayofanya unga wa chapati uvutike. Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, gluteni ikiingia, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo mdogo wake mwenyewe. Daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, tayari alikuwa akiishuku ngano. Njaa ya vita ya 1944 hadi 1945 ikamwongezea ushahidi. Mkate ulipokosekana watoto wagonjwa walipata nafuu, uliporudi wakaumwa tena.

Sasa wengi husema, "Mimi siharishi, ngano hainihusu." Hapo ndipo tunapopotea. Utumbo ulioharibika haunyonyi vizuri madini ya chuma wala ya kalsiamu. Kwa hiyo mtu anapungukiwa damu, anameza vidonge vya chuma na haongezeki. Mifupa inalegea. Mtoto hakui. Mimba zinaharibika. Wengine hutokwa na vipele vya malengelenge vinavyowasha viwikoni na magotini, na wachache mwendo wao huyumba. Yote hayo yanaweza kuja bila kuharisha hata siku moja.

Mfikirie mama ambaye mtoto wake ana ugonjwa huu na amedumaa. Anaambiwa ampe uji wenye nguvu, anakuja kwako, ananunua. Kadiri anavyomnywesha ndivyo mtoto anavyorudi nyuma, na kwenye mfuko hakuna neno moja la kumshtua.

Lakini na wewe unayetangaza kwamba ngano ni sumu kwa kila mtu, nyamaza. Sisi wa Loliondo tuliiona foleni ya Samunge mwaka 2011, kikombe kimoja cha shilingi 500 kwa magonjwa chungu nzima. Tusiigeuze "acha ngano" kuwa kikombe kingine. Ulaya wenye seliaki ni kama mtu mmoja kati ya 100. Hapa kwetu upungufu wa damu mara nyingi huletwa na malaria, minyoo au chakula duni. Nenda hospitali, mweleze daktari, uulizie kipimo cha damu cha seliaki. Na usiache ngano kabla ya kupima, maana kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa kumbe unao.

Mkulima wa ngano na shayiri wa Karatu, lima tu, soko lako lipo.

Wewe wa unga wa lishe, andika kila kilichomo, ngano ikiwamo. Ukitaka kuuza usio na ngano, mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele na muhogo havina gluteni. Ila mashine iliyotoka kusaga ngano hubakiza unga wake ndani. Isafishwe kwanza, kisha unga huo usagwe wa kwanza asubuhi. Mifuko iliyoko dukani tayari, iandike kwa kalamu ya maka leo jioni.